Jina la Baba kwenye Bamba: Historia Fupi ya Namba Binafsi za Magari

Juni 2016, siku chache baada ya Dk. Philip Mpango kusoma hotuba ya bajeti mjini Dodoma, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Mwanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua na sasa anatafuta wa kumuunga mkono. Alikuwa ameagiza gari jipya (jipya kwa maana yetu, yaani lililokwisha kutembea Japani miaka tisa) na alitaka lisajiliwe kwa jina la marehemu baba yetu. Ada ya namba binafsi wakati huo ilikuwa shilingi milioni 5 kwa kila miaka 3, na hotuba ile ilipendekeza ipande hadi milioni 10 kuanzia mwaka mpya wa fedha. Kulikuwa na wiki mbili na ushee kabla ya Julai mosi. “Kaka, tukichelewa tunalipa mara mbili,” aliniambia. “Wewe ndiye Dokta wa historia. Waeleze wenzetu kwenye kikao kwamba hii ni heshima ya mzee.”

Sikumpa jibu siku ile. Nilijua nini cha kusema kuhusu fedha, maana hesabu yake haihitaji shahada, lakini sikujua nini cha kusema kuhusu heshima. Majuzi wanafunzi wangu wa mwaka wa pili waliniuliza swali hilohilo tulipokuwa tukijadili ushuru na tozo: je, namba binafsi ina thamani yoyote, au ni majivuno yenye risiti? Nimeona nijibu kwa maandishi, na nianze mbali kidogo, kwa sababu wengi wanadhani bamba la namba ni mali ya mwenye gari. Historia yake inasema vingine.

Tarehe 14 Agosti 1893 Mkuu wa Polisi wa Paris, Louis Lépine, alitoa amri iliyohusu magari ya mashine, ambayo wakati huo yalikuwa machache na ya kutisha. Kila gari lilitakiwa kuwa na kibao cha chuma upande wa kushoto, kilichoandikwa jina la mwenye gari, anwani yake na namba ya kibali. Msomaji aone jambo moja hapo: jina lilikuwamo. Miaka minane baadaye, mwaka 1901, jimbo la New York liliwaamuru wenye magari waandike nyuma ya magari yao herufi za mwanzo za majina yao, zenye urefu usiopungua inchi 3. Hapakuwa na namba yoyote. Kila mtu alijitengenezea herufi zake, wengine kwa ngozi, wengine kwa ubao, wengine kwa rangi tu. Haikuchukua muda kabla ya kugundulika kwamba herufi hazitoshi, kwa kuwa watu wengi wana herufi za mwanzo zinazofanana. Mwaka 1903 jimbo likahamia kwenye namba.

Kwa hiyo jina kwenye gari lilitangulia namba, na lilitangulia likiwa mzigo. Tajiri wa New York hakuandika herufi zake nyuma ya gari ili asifiwe. Alilazimishwa, ili yule mwenye mkokoteni aliyegongwa, au mama aliyefunikwa vumbi akiwa na mtoto mgongoni, ajue wa kumshitaki. Aliyekusudiwa kulisoma bamba ni mtu aliye kando ya barabara, asiyekuwa na gari.

Uingereza ndiko ugomvi huu ulikosemwa waziwazi zaidi. Sheria ya Magari ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika Januari mosi 1904, ilikuwa mapatano. Wenye magari walipewa mwendo wa maili 20 kwa saa badala ya 14, nao wakakubali kuvishwa namba. Walikubali wakinung'unika, kwa sababu kabla ya hapo magari ya kukodi ndiyo yaliyokuwa na namba, na muungwana hakupenda kufananishwa na dereva wa kukodiwa. Lakini hata kabla wino wa sheria haujakauka kulitokea jambo ambalo kwangu ndilo chimbuko la habari yetu yote. Namba A 1 ya Baraza la Jiji la London ilichukuliwa na Earl Russell, kaka yake mwanafalsafa Bertrand Russell, na inasimuliwa kwamba ilipangiwa foleni usiku kucha. Alama ya kumkamatia mwenye gari ikawa kitu cha kupangia foleni. Adhabu iligeuka nishani ndani ya wiki chache.

Kilichofuata ni biashara. Kwa kuwa sheria za Uingereza ziliruhusu namba kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, wakazuka madalali walionunua vigari vibovu kwa ajili ya bamba tu. Serikali iliwaangalia kwa miongo kadhaa, kisha mwaka 1989 nayo ikaingia sokoni na kuanza kuuza namba kwa mnada. Mwaka 2014 namba 25 O iliuzwa kwa pauni 518,000, ikakusudiwa kupamba Ferrari. Abu Dhabi walikuwa wamekwisha kupita hapo: mwaka 2008 namba 1 iliuzwa kwa dirhamu milioni 52.2. Dubai ikavunja rekodi hiyo Aprili 2023 kwa namba P 7, dirhamu milioni 55, fedha zikaenda kwenye mfuko wa kulisha wenye njaa. Ndugu zetu wa asili ya Mwambao wanaoishi Maskati na Dubai wanaijua lugha hii vizuri kuliko sisi wa bara: kadiri tarakimu zinavyopungua, ndivyo mtu anavyodhaniwa kuwa karibu na wakubwa. Hakuna anayeuliza gari lenyewe ni la aina gani.

Wamarekani wameliacha soko la namba lijiendeshe kwa bei nafuu, lakini mahakama zao zimetusaidia kwa swali zito zaidi: maneno ya kwenye bamba ni ya nani? Katika jimbo la Indiana askari polisi mmoja aliweka kwenye gari lake herufi zilizosomeka kama mguno wa nguruwe, akijitania mwenyewe, maana huko nguruwe ni tusi wanalotukanwa polisi. Jimbo likamnyang'anya. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya jimbo, na mwaka 2015 ikaamuliwa kwamba herufi za kwenye bamba, hata zikichaguliwa na kulipiwa na raia, ni kauli ya serikali. Mwenye gari amekodi tu nafasi. Mwanasheria anaweza kubishana na hukumu hiyo, ila mwanahistoria anaiona kuwa imerudi kulekule Paris.

Tuje nyumbani. Afrika Mashariki haiwezi kuzungumza kuhusu namba bila kuzungumza kuhusu kipande. Kenya, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyotekelezwa tangu 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyeonekana kufikia miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye namba, alama za vidole na taarifa za mwajiri wake, mara nyingi kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Katika barabara hizohizo za Nairobi walipita walowezi katika magari yenye mabamba. Wote walikuwa wameandikwa na dola moja, lakini madaftari hayo yalitazama pande mbili tofauti. Namba ya gari ilimwezesha mpita njia kumdai mwenye nguvu. Namba ya kipande ilimwezesha mwenye nguvu kumdai mpita njia, na aliyeacha kazi bila ruhusa alitafutwa kwa namba yake. Babu zetu walikuwa na sababu nzuri ya kuchukia namba. Nadhani kuna mabaki ya chuki hiyo katika hamu yetu ya leo ya kuitwa kwa majina na vyeo, ingawa sitaki kuivuta hoja hii mbali kuliko inavyoweza kwenda.

Uhuru ulipokuja tulirithi daftari la magari na kuliwekea sheria zetu: ile ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari ya mwaka 1972, na ile ya usalama barabarani ya mwaka 1973. Tuliongeza pia sarufi yetu wenyewe. Mtanzania husoma bamba kama wengine wanavyosoma vazi. STK ni gari la serikali. SU ni la shirika la umma. Rangi ya bamba hutenganisha gari la mtu binafsi na la biashara. Herufi W ikitangulia, pisha, anapita waziri. Na tangu mfumo wa T, tarakimu tatu na herufi tatu ulipoanza, tumepata hata kalenda. Dalali wa magari hakuambii mwaka, anakwambia “namba C”, “namba D”, “namba E”, na wewe unajua gari liliingia nchini lini, hata kama kiwandani lilitoka zamani sana. Hapo ndipo ninapoona faida moja ya kweli ya namba binafsi, ambayo wauzaji wake hawaitaji: inafuta kalenda. Gari la namba B likivaa jina la mtu, jirani hajui tena alinunue kwa huruma au kwa wivu.

Lakini angalia vizuri sarufi ile ya zamani. W ni ya kiti. Waziri akiondolewa asubuhi, jioni gari linambeba mwingine na bamba halijali. Gari la SU halikuwa na jina la meneja. Tulifundishwa kwamba cheo ni dhamana, na kwa miaka mingi jambo hilo lilionekana hata kwenye bati. Kwa namba binafsi jina la mtu liliingia, kwa mara ya kwanza, mahali ambapo palikuwa pa ofisi na pa umma. Halikuingia kwa kura wala kwa utumishi. Liliingia kwa malipo.

Niwe mkweli kuhusu malipo hayo. Kama kodi, sioni kodi yenye maumivu kidogo kuliko hii. Hakuna mgonjwa anayekosa dawa kwa sababu mfanyabiashara ametozwa milioni kwa ajili ya jina lake, na serikali inayotoza majivuno ina haki ya kusifiwa kabla ya serikali inayotoza chumvi. Tatizo langu ni jirani wa kodi hiyo. Hotuba ileile ya 2016 iliyopandisha namba binafsi kutoka milioni 5 hadi 10 ilipandisha pia usajili wa gari la kawaida kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000, na wa pikipiki kutoka 45,000 hadi 95,000. Yaani kijana wa bodaboda aliongezewa zaidi ya mara mbili, na mwenye jina aliongezewa mara mbili kamili. Mmoja anaweza kukataa na bado akaendesha gari lake kesho. Mwingine akikataa hana kazi. Magazetini, hata hivyo, picha iliyovuma ilikuwa ya magari yenye majina, na wengi tulishangilia kwamba sasa matajiri wamebanwa. Bodaboda walipita katikati ya kelele zile bila kuonekana.

Nilimfanyia mdogo wangu hesabu. Milioni 10 kwa miaka 3 ni zaidi kidogo ya shilingi 9,100 kwa siku, kila siku, gari likitembea au likilala gereji. Ni usajili wa magari 40 ya kawaida. Na Mwingereza akinunua namba amenunua kitu anachoweza kuuza kesho; sisi tunalipa pango, muda ukiisha tunalipa tena au tunaondoka. “Kwa milioni 5 ya sasa siyo 9,000, ni nusu yake,” alinijibu, na alikuwa sahihi.

Kisha akanipa hoja iliyonisumbua zaidi. Alisema: kama bamba ni la mtu wa kando ya barabara, kama unavyodai wewe, basi jina ni bora kuliko namba. Nani anayeweza kukariri tarakimu tatu na herufi tatu za gari linalokimbia? Jina la mzee wetu atalishika hata mtoto wa darasa la kwanza. Mwenye jina hawezi kujificha. Ni hoja nzuri, na kama ingekuwa ndiyo sababu ya watu kununua namba binafsi ningeiunga mkono kwa mikono miwili.

Sikuikubali kwa sababu nilisafiri katika gari lile. Ilikuwa Desemba ya mwaka uleule, kutoka Mwanza kwenda Dodoma, na jina la baba likiwa mbele na nyuma. Tulisimamishwa mara nne. Mara tatu askari alilisoma bamba kwanza, akatazama vioo, akasimama wima kidogo kuliko alivyokuwa, akatuambia “safari njema, mheshimiwa”. Hakuna aliyeomba leseni. Mbele yetu, katika kituo kimojawapo, Fuso iliyobeba viazi ilikuwa imeegeshwa na utingo wake ameshuka na makaratasi, akibembeleza. Gari letu lilikuwa na taa moja ya nyuma isiyowaka, tuligundua jioni tulipofika. Baba yetu hakuwa mheshimiwa. Askari wale hawakumjua. Walisoma tu kwamba mwenye gari hili alikuwa na milioni za kuchezea, na mtu wa namna hiyo huwa na namba ya simu ya mkubwa fulani. Siwalaumu sana, mshahara wao na uhamisho wao uko mikononi mwa watu wenye simu. Lakini nilielewa safari ile kwamba jina lile halikutufanya tuonekane kwa urahisi zaidi. Lilitufanya tusitazamwe.

Na jambo hilo lilinirudisha kwa mzee mwenyewe. Baba alikuwa dereva wa lori la shirika moja la umma, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, tangu kabla sijazaliwa. Mwaka 1983, akiwa na shehena ya mbolea na giza linaingia, aligonga mbuzi wawili katika kijiji kimoja baada ya kupanda Kitonga. Hakusimama. Alitueleza mwenyewe kwamba hakusimama, na hakuwahi kutafuta udhuru. Mama mwenye mbuzi alitoka na kaa la moto lililozimika, akaandika kwenye ukuta wa nyumba yake herufi SU na tarakimu zilizofuata, jinsi alivyoziona. Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, balozi akaandika barua, barua ikapita kwenye tawi la chama, na baada ya miezi mitatu ikafika makao makuu ya shirika. Baba akakatwa mshahara wa kulipia mbuzi wawili. Mama yule, asiyekuwa hata na baiskeli, alilifikia lori la tani kadhaa kwa kipande cha mkaa.

Alipopita tena alisimama, akaomba radhi. Miaka ile sabuni ilikuwa adimu kama dhahabu, naye akawa anamletea mche wa sabuni na chumvi kila alipopata. Namba ilibaki ukutani. Baba aliwahi kumuuliza kwa nini haifuti, wakati deni limelipwa. Akajibiwa kwamba nyumba itapigwa lipu mwaka wa mavuno mazuri, mwanangu, asiwe na wasiwasi. Ilikaa pale miaka, akiisoma kila safari.

Hadithi hiyo niliisimulia kwenye kikao cha familia, kupitia simu iliyowekwa katikati ya meza, nikidhani nimemaliza ubishi. Baba mdogo alikohoa akasema: “Sasa hiyo ndiyo sababu ya kuliweka jina lake. Siku zote alibeba namba za watu.” Kila mtu akanyamaza, na mimi nikanyamaza pia. Nilichangia shilingi 300,000. Maombi yalipelekwa tarehe 28 Juni, siku tatu kabla ya bei kupanda.

Mwaka 2019 muda uliisha. Biashara ya mdogo wangu ilikuwa imeyumba, milioni 10 haikuwepo, na wala hakunipigia simu kuniuliza. Gari likarudi kwenye namba yake ya kawaida, namba D, na likauzwa. Bamba moja alilipeleka kwa mama kijijini, akalipigilia misumari juu ya mlango wa mbele unaotazama barabara. Mama anasema limekuwa na msaada: wageni wakiuliza njia, watoto wanaotoka shule huwaambia tembea mpaka uone nyumba yenye namba ya gari.